DARSA YA WAZAZI: NI LIPI LINALOIFANYA SKULI YA WATOTO WADOGO IFAE?

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad:

Ndugu zetu Waislamu, swala tulitialo katika darsa hii ni lile liulizwalo kila mwaka uanzapo, misikitini na mabarazani, na zaidi ya huko majikoni, ambako akina mama ndio wenye kubeba mzigo wenyewe. Swala ni hili: mtoto wa miaka 3, au 4, au 5, ambaye bado hajafika umri wa skuli khasa, yafaa apelekwe wapi, na afundishwe nini, na kwa njia gani?

Mwenye kudhani kwamba jambo hili ni dogo kwa sababu mwenyewe mtoto ni mdogo, na atazame yanayopita katika miji yetu. Mtoto wa miaka 4 huamshwa kabla ya jua kupanda akapelekwa nasari. Huko hukalishwa kwenye benchi akanakili tarakimu na herufi za Kiingereza, lugha asiyoisikia kwao. Adhuhuri hurudi, akala huku akisinzia. Alasiri hupelekwa chuoni, akakaa mkekani pamoja na watoto 60 wa kila umri, akaitikia asilolifahamu. Magharibi hukaa na mamake kumaliza kazi aliyopewa nasari. Na mwisho wa muhula huletwa karatasi iliyoandikwa kwamba mtoto huyu ni wa 31 katika watoto 40. Miaka 4 ya umri wake, na tumekwisha mwambia kuwa yeye ni wa nyuma!

Upande wa pili wako watoto wasiopelekwa popote, kwa kuwa wazazi hawana ada, au kwa kuwa wazee wamesema mtoto mdogo hana la kujifunza mpaka akue. Hawa nao hufika skuli hawajawahi kushika kalamu wala kusikilizwa na mtu mzima, wakaanza safari hali wenzao wako mbele.

Baina ya makundi haya mawili ndipo tutakapotafuta njia. Na njia hatuitafuti kwa matamanio, bali kwa yale waliyoyasema wanavyuoni wetu, na kwa yale yaliyojaribiwa yakaonekana matokeo yake.

KWANZA: WALIYOYASEMA WANAVYUONI

Wako wanaodhani kwamba habari ya kumlea mtoto kwa upole na kwa mchezo ni bidaa iliyoletwa na Wazungu. Dhana hii ni ya mtu asiyefungua vitabu vyake mwenyewe.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), ameeleza katika Ihya Ulumi ddin kwamba mtoto ni amana mikononi mwa wazazi wake, na kwamba moyo wake ni safi, hukubali kila nakshi itakayochorwa juu yake. Maneno haya hutajwa mara nyingi katika mawaidha. Lakini yaliyo baada yake hayatajwi sana, nayo ni kwamba mtoto atokapo chuoni yapasa apewe ruhusa ya kucheza mchezo mzuri apate kupumzika na taabu ya masomo. Na ametoa sababu: kumkataza mtoto kucheza na kumlemeza kwa masomo daima huuua moyo wake, hufifisha akili yake, na humfanya atafute hila za kuyakimbia masomo yote. Huyu ni Hujjatul Islam, si mwalimu wa Ulaya.

Na kabla yake, Muhammad bin Sahnun wa Qayrawan, aliyefariki mwaka 870, aliandika kitabu kizima juu ya adabu za waalimu wa watoto. Humo amemtaka mwalimu asishughulike na jambo jingine akawaacha watoto, na awaweke sawa mtoto wa tajiri na mtoto wa masikini, na fimbo ameiwekea mipaka. Fikirini: miaka zaidi ya 1100 iliyopita Waislamu walikwisha jua kuwa kufundisha watoto ni kazi yenye sharti zake, si kazi ya kila aliyekosa kazi.

Ama Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, ameonya kwamba ukali humdhuru mwanafunzi, na khasa mtoto mdogo. Mtoto anayelelewa kwa kutenzwa nguvu, asema, moyo wake hudhikika, uchangamfu humtoka, akaingia uvivu, kisha uwongo na hila kwa kuogopa mkono utakaomshukia. Naye ametuhadithia jambo jingine lenye faida kubwa katika swala letu. Amesema kwamba watu wa Maghrib walikuwa wakimfundisha mtoto Qurani peke yake kwanza, na watu wa Andalus wakiichanganya na lugha, mashairi na khati. Kisha akataja rai ya Kadhi Abubakar bin Al-Arabi, aliyetaka mtoto aanze kwa lugha na hisabu ndipo aingie katika Qurani, ili asisome asichokifahamu. Ibn Khaldun ameisifu rai hii kuwa ni nzuri, lakini akasema kuwa ada za watu haziikubali, kwani wazazi huchelea kwamba mtoto akichelewa kuanza Qurani huenda akakua akawatoka mkononi kabla hajaipata.

Tazameni basi! Mashindano haya tunayoyaona leo baina ya mzazi atakaye Qurani mapema na mwalimu ataye ufahamu kwanza, si mapya. Wanavyuoni wakubwa waliyazungumza bila kukufurishana, na kila mmoja akampa mwenzake haki ya hoja yake.

Na juu ya wote hao ni mwendo wa Mtume (s.a.w.). Imepokewa kwamba alirefusha sijda kwa kuwa mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni, akachelea kumharakisha. Imepokewa kwamba alimkalia kitako mtoto mdogo aliyefiwa na kindege chake akamliwaza kwa maneno ya kumchekesha. Na sala yenyewe, ambayo ni nguzo ya dini, mtoto ameamrishwa kuamriwa afikapo miaka 7. Basi ikiwa Sharia imemngojea mtoto miaka 7 katika sala, sisi ni nani hata tumtie katika mtihani akiwa na miaka 4?

PILI: NJIA ZA WATU WENGINE

Tusione haya kujua waliyoyafanya wengine, kwani haki haina kabila.

Huko Ujerumani Friedrich Froebel alifungua mwaka 1837 mahali pa kulelea watoto wadogo, na mwaka 1840 akapaita bustani ya watoto. Aliona kuwa mchezo kwa mtoto ni kazi yake, na akawatengenezea mipira na vigae vya mbao vya maumbo mbalimbali wapate kujua umbo, idadi na mpango kwa mikono yao. Kule Italia, daktari mwanamke, Maria Montessori, alifungua mwaka 1907 nyumba ya watoto katika mtaa wa mafukara wa San Lorenzo, mjini Rome. Yeye alivitengeneza vyombo vya kufundishia vikawa kwa kadiri ya mkono wa mtoto, akamwacha mtoto achague kazi na kuirudia mpaka aimalize, na mwalimu akawa mwenye kutazama na kuongoza kuliko kusema. Herufi mtoto huzipapasa kwa kidole kabla ya kuziandika.

Njia hizi mbili zinakhitilafiana katika mengi, lakini zinakutana katika neno moja: kwamba mtoto mdogo hujifunza kwa kutenda, wala si kwa kumiminiwa maneno.

TATU: MAJARIBIO MAWILI YA MAREKANI

Mtu aweza kusema, "Haya ni maneno matamu, lakini yana ushahidi gani?" Swala ni la haki. Tutataja majaribio mawili, moja lililofaulu na moja lililoshindwa, kwani mwenye kutafuta ukweli hachagui yale yampendezayo peke yake.

La kwanza ni la mji wa Ypsilanti, katika jimbo la Michigan. Baina ya mwaka 1962 na 1967 David Weikart na wenzake walikusanya watoto 123 wa Wamarekani weusi, wa nyumba masikini. Wakawagawa kwa kura: 58 wakaingizwa katika skuli ya watoto wadogo ijulikanayo kwa jina la Perry, na 65 hawakuingizwa. Wale walioingizwa walisoma asubuhi kwa saa 2 na nusu, na kila mwalimu alikuwa na watoto kama 6 hivi. Waalimu walikuwa wamesomea kazi yao. Na kila juma mwalimu alikwenda nyumbani kwa mtoto akakaa na mama na mtoto kwa saa 1 na nusu. Katika darasa mtoto alipanga mwenyewe atakalolifanya, akalifanya, kisha akaeleza alilolifanya.

Mwanzoni watoto wale waliwapita wenzao katika vipimo vya akili, lakini walipofika umri wa miaka 10 tofauti ile ilikwisha toweka. Mtu mwenye haraka angesema kuwa kazi imepotea bure. Wao hawakufanya haraka. Wakawafuatia mpaka wakafika miaka 40. Hapo wakaona ya ajabu: waliomaliza skuli ya sekondari katika wale walioingizwa walikuwa 77 katika kila 100, na katika wenzao 60. Waliokuwa na kazi walikuwa 76 kwa 62. Na waliokamatwa na polisi mara 5 au zaidi walikuwa 36 katika kila 100, na katika wenzao 55. James Heckman, bingwa wa iktisadi aliyepata tunzo ya Nobel mwaka 2000, ameyachungua mahesabu hayo akakata shauri kwamba faida kubwa haikuwa katika akili ya vitabu, bali katika tabia: kusubiri, kukamilisha kazi, na kupatana na watu. Sisi kwa lugha yetu twaiita malezi.

La pili ni la jimbo la Tennessee. Huko serikali ilifungua madarasa ya watoto wa miaka 4 kwa wingi, na watafiti wa chuo kikuu cha Vanderbilt wakawafuatia watoto 2,990, waliopata nafasi na waliokosa. Mwanzoni waliopata nafasi walikuwa mbele. Lakini matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 yalionyesha kwamba walipofika darasa la 6 walikuwa nyuma ya wenzao katika kusoma, hisabu na sayansi, na makosa yao ya nidhamu yalikuwa mengi zaidi. Dale Farran, mmoja wa watafiti hao, ametaja kwamba katika madarasa mengi ya namna hii wakati mwingi huishia katika mwalimu kusema na darasa zima, na watoto kupangwa mistari na kungojea, na machache hubakia ya kucheza na kuchagua.

Majaribio haya mawili hayatupi hukumu ya kila mahali, kwani nchi ni mbalimbali na watu ni mbalimbali. Lakini yatosha kutufunza neno hili: kumpeleka mtoto skuli mapema si dawa kwa nafsi yake. Skuli njema hufaa, na skuli mbaya yaweza kudhuru. Basi swala si "apelekwe au asipelekwe?" bali ni "apelekwe kwenye nini?"

NNE: LILILOFANYWA HAPA KWETU

Wala hatuna haja ya kwenda Marekani kwa kila jambo. Mapema katika miaka ya 1980 viongozi wa Waislamu wa pwani ya Kenya waliona kwamba watoto wao wanafika skuli za serikali wakiwa hawajatayarishwa, wakabaki nyuma tangu darasa la kwanza. Wakamwomba Aga Khan msaada. Na ingawa yeye na wafuasi wake si wa madhehebu yetu, ombi lilipokewa, na mwaka 1986 kazi ikaanza mjini Mombasa. Bi Swafiya Said, mwalimu wa mji huo huo, ndiye aliyeshika kazi ya kuwafundisha waalimu. Mwaka 1990 mpango ukafika Zanzibar, na mwaka 1993 Uganda.

Tuangalie walivyofanya. Hawakuleta majengo kutoka nje wala waalimu wageni. Wenyeji walitakiwa kwanza waunde kamati yao, watoe chumba, na wachague wanawake wa mtaa wao wenyewe wafundishwe kazi ya ualimu. Vyombo vya kufundishia vilifanywa kwa vitu vilivyopo: vifuu, makombe ya pwani, kokwa, vipande vya mbao na vifuniko vya chupa. Mtoto huhesabu kokwa, hupanga makombe makubwa na madogo, huuza na kununua katika duka la kuigiza. Na mafunzo ya dini hayakutengwa chumba chake wala saa yake peke yake. Dua ya kula husomwa wakati wa kula, udhu hufunzwa penye maji, na hadithi za Mitume husimuliwa kwa Kiswahili ambacho mtoto anakifahamu.

Watafiti Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg waliwapima watoto wa Kenya, Zanzibar na Uganda, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Waliona kuwa watoto waliosoma katika skuli yoyote ya watoto wadogo walikuwa mbele ya wale waliobakia nyumbani, na wale wa skuli hizi za Madrasa waliendelea zaidi kuliko wa skuli nyingine. Na khabari hii si ya kujivunia tu. Ni hoja juu yetu: ikiwa Waislamu wa mitaa ya kawaida, kwa vifuu na makombe, waliweza kufanya hivi, ni udhuru gani tulio nao sisi wengine?

TANO: MAMBO MATANO YANAYOIFANYA IFAE

Tukiyakusanya yote yaliyotangulia, twaona kuwa skuli ya watoto wadogo husimama juu ya mambo matano.

La kwanza ni mwalimu. Si jengo, wala si rangi ya ukuta, wala si jina la Kiingereza lililoandikwa juu ya mlango. Mwalimu anayemwita mtoto kwa jina lake, anayezungumza naye na kungojea jawabu lake, na aliyefunzwa namna ya kuwatazama watoto, huyo ndiye skuli yenyewe. Na mwalimu hadumu kwa dua peke yake. Ni aibu iliyo wazi kwamba katika mitaa yetu maalim wa watoto hulipwa pungufu ya mchukuzi wa sokoni, kisha tukamlaumu aondokapo kutafuta kazi nyingine. Kila aondokapo mwalimu, watoto huanza upya.

La pili ni mchezo wenye maana. Hatusemi watoto waachwe wakimbie ovyo kutwa nzima. Twasema vyombo viwekwe kwa makusudi, mtoto achague, afanye, kisha aulizwe: "Umefanya nini? Ungefanya vingine ingekuwaje?" Hapo akili hufunguka.

La tatu ni lugha. Mtoto hujifunza jambo jipya kwa lugha aijuayo. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza kwamba watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha inayozungumzwa mahali pao. Kiingereza kina wakati wake, na Kiarabu kina daraja yake, lakini mtoto wa Kisauni au Pate anayekatazwa Kiswahili darasani hukatazwa kufikiri.

La nne ni nyumba. Tumeona kuwa waalimu wa Ypsilanti walikwenda majumbani kila juma. Mtoto yuko skuli saa 3 au 4, na saa zilizobaki yuko kwao. Mzazi asiyemsemesha mtoto ila kwa "nyamaza" na "ondoka hapa" hawezi kununua malezi kwa ada. Kumsimulia hadithi kabla ya kulala, kumhesabisha vitunguu jikoni, kumjibu maswali yake ya "kwa nini" bila ya kumfokea, hizi ni darsa zisizo na gharama.

La tano ni afya na amani. Mtoto mwenye njaa hasomi. Bakuli la uji asubuhi ni sehemu ya mafunzo. Choo safi, maji ya kunawa, kivuli cha kuchezea, na moyo usio na khofu ni sharti, si anasa. Na sheria ya nchi imekwisha katazwa fimbo katika skuli tangu mwaka 2001. Maalim anayeichukua fimbo kwa watoto wa miaka 4 amekhalifu sheria ya nchi, na pia amekhalifu nasaha za Ibn Khaldun.

SITA: MAJIBU KWA WANAOPINGA

Wa kwanza husema: "Sisi tulipigwa, tukakariri, tukahitimu, na leo ni watu." Jawabu ni kwamba waliohitimu ndio walio hapa kusema. Wale waliokimbia chuo wasirudi, wakaichukia hata sauti ya kusomwa, hawako barazani pamoja nanyi kutoa ushahidi wao.

Wa pili husema: "Imam Shafi, ambaye ndiye imamu wetu watu wa pwani, alihifadhi Qurani akiwa na miaka 7. Mtawacheleweshaje watoto?" Hoja hii ni nzito, na inataka jawabu la adabu. Ni kweli imepokewa hivyo. Lakini imepokewa pia kwamba alikuwa yatima aliyeshikwa mkono na mama mwenye hima kubwa, na kwamba maalim wake alikubali kumsomesha bila malipo kwa kuwa alimwona anaweza kuwasimamia wenzake. Yaani alitazamwa yeye alivyo, akapewa kwa kadiri yake. Nasi ndivyo tunavyotaka. Mtoto ambaye moyo wake unaivuta Qurani asizuiliwe hata siku moja. Asomeshwe, ahifadhishwe, na ashangiliwe. Lakini kanzu ya Imam Shafi isikatwe kwa kila mtoto, kisha anayepwaya akapigwa. Na kuhifadhi hakupingani na mchezo: sura fupi zikisomwa kwa sauti nzuri, kidogo kidogo, na kisa chake kikasimuliwa, huingia moyoni bila ya machozi.

Wa tatu husema: "Mtoto asipofundishwa kuandika mapema hatapata nafasi katika skuli nzuri." Huyu hasemi uwongo kabisa, kwani wako wakuu wa skuli wanaofanya hivyo. Lakini mpango wa masomo wa nchi, ulioanza kutumika kote mwaka 2019, umeweka miaka 2 ya elimu ya awali kwa watoto wa miaka 4 na 5, na masomo yake ni lugha, hisabati, mazingira, ubunifu na dini, kwa njia ya matendo. Na Katiba ya mwaka 2010 imeiweka elimu hii mikononi mwa serikali za kaunti. Basi mzazi anayeona mtoto wake anatahiniwa kinyume cha mpango huo asinung'unike barazani peke yake. Ana mlango wa kubisha.

SABA: LA KUFANYA

Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, tangu alipoanza kutoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, alikuwa akiwaita Waislamu wa pwani waamke katika elimu ya dini na ya dunia pamoja, waume kwa wake. Mwito ule haujakwisha kazi yake. Nasi twaleta mbele yenu mambo manne yaliyo ndani ya uwezo wetu.

Moja, kila mzazi kabla ya kumwandikisha mtoto aingie darasani akae saa nzima. Asitazame daftari, asikilize. Je, sauti isikikayo zaidi ni ya mwalimu au ya watoto? Je, mtoto aulizapo hujibiwa? Je, anayelia hushikwa au hukemewa? Saa moja hiyo itamfundisha zaidi ya karatasi zote za matangazo.

Mbili, chuo na nasari zisimshindanie mtoto. Maalim wa chuo na mwalimu wa nasari wakutane, wagawe siku, na mtoto wa chini ya miaka 6 apate saa ya kulala na saa ya kucheza. Na inapowezekana, viwe mahali pamoja.

Tatu, kamati za misikiti zihesabu mshahara wa mwalimu wa watoto katika mambo ya lazima, kabla ya mazulia na vipaza sauti. Tunajua neno hili litawakera baadhi ya watu. Lakini msikiti uliopambwa leo utajazwa kesho na watoto hawa au hautajazwa na mtu.

Nne, wanawake wetu wanaoipenda kazi hii wasomeshwe kwa gharama ya jamii. Mwanamke mmoja aliyefunzwa vizuri hupitisha mikononi mwake mamia ya watoto katika umri wake wa kazi.

MASWALI YA KUDURUSU

1. Ghazali ametoa sababu gani ya kumpa mtoto ruhusa ya kucheza?
2. Khitilafu ya Ibn Al-Arabi na ada za watu wa zama zake inafananaje na khitilafu yetu ya leo?
3. Kwa nini watoto wa Ypsilanti walifaidika ingawa tofauti ya vipimo vya akili ilitoweka?
4. Katika mambo matano yaliyotajwa, ni lipi linalopungua zaidi katika mtaa wako, na ni nani wa kulitengeneza?

Swala la mwisho ndilo tunaloomba lijibiwe kwa vitendo. Wenye kuhudhuria darsa walizungumze majumbani mwao na katika kamati zao, na mkutano ujao kila mmoja alete khabari ya alichokiona alipokaa darasani saa moja.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie watoto wetu wawe kitulizo cha macho yetu, na asitufanye sisi kuwa sababu ya kuzimika kwa nuru aliyoitia nyoyoni mwao. Wabillahi ttaufiq.